Sanduku la Mtakatifu Monika

Mama Enock aliamka Jumamosi hiyo akiwa ameshaamua, na wanaomfahamu kwa jina lake, Eufrasia, wanajua kwamba akishaamua jambo, bora umpishe njia. Aliamua kuachia uenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika. Tena si uenyekiti tu. Wakati wa chai alimwambia mumewe, bila kupandisha sauti, kwamba leo anakwenda kulikabidhi sanduku la jumuiya kwa mtu yeyote atakayelipokea, na akishalikabidhi, yeye na Mungu watapumzishana kwa muda.

Ngassa alipuliza chai yake. Akauliza hiyo likizo ni ya wiki ngapi, na kama mwenzake ameshapewa taarifa.

Siku nyingine Eufrasia angemrushia kitambaa cha kushikia sufuria. Siku hiyo alifunga tu khanga kiunoni, na hapo Ngassa akajua kwamba mambo si ya mzaha. Alimaliza chai, akachukua kofia na tochi ya kichwani, akaenda zake kwenye duara lake, yaani shimo la kwenda chini mita hamsini na kitu, ambalo yeye na wenzake wawili walikuwa wakilichimba huu mwezi wa kumi na sita bila kuona dhahabu hata ya kuziba jino. Kila jioni Ngassa hupanda akiwa mweupe kwa vumbi na kusema jiwe limeanza kubadilika rangi. Mkewe alishamwambia mara nyingi kwamba kinachobadilika rangi ni yeye.

Sasa hilo sanduku lenyewe. Lilikuwa la mbao, la kuenea kuku wawili wasiogombana, lina bawaba moja ya kweli na nyingine ya waya. Ndani mlikuwa na msalaba, kitambaa cheupe, mishumaa, kitabu cha masomo, kitabu cha nyimbo kilichopoteza jalada, daftari la mahudhurio, na picha ya Mtakatifu Monika, yule mama aliyemlilia Mungu miaka kumi na saba kwa ajili ya mwanawe mtukutu. Padre wa parokia ndiye aliyewachagulia msimamizi huyo, akisema watu wa machimbo wanahitaji mtakatifu anayejua kusubiri.

Jumuiya husali nyumba kwa nyumba, kila Jumamosi asubuhi kwa mtu mmoja, na sanduku ndilo linaloonyesha zamu iko wapi. Mwaka wa kwanza pale machimbo ya Nyamtondo, zamu hizo zilileta visa. Kupokea jumuiya ni kupokea watu ishirini na wawili, na watu ishirini na wawili wanakunywa chai. Sanduku likaanza kupotea. Safari moja lilikaa mwezi mzima chini ya kitanda cha Salome, katibu wa jumuiya, limefunikwa kwa magunia, na Salome mwenyewe kila Jumamosi akiongoza sala ya kuomba lipatikane. Ndipo Eufrasia alipotunga sheria zake mbili, akazisoma kwa sauti kila wiki mpaka watoto wakazikariri. Ya kwanza: sanduku likivuka kizingiti chako, sala inafanyika hapo hapo, hakuna cha samahani nilisahau. Ya pili: sala ikiisha, sanduku halilali hapo, siku hiyo hiyo linakwenda nyumba inayofuata. Sheria hizo ziliwanyoosha wote, na mwenyekiti alijivunia sana. Hakuwahi kufikiri kwamba zitakuja kumnyoosha yeye.

Kisha, kama miezi miwili iliyopita, ikaja rashi. Wachimbaji wakisikia kwamba mahali fulani ardhi imetema dhahabu, huhama kwa siku moja na kuacha hata nguo kwenye kamba. Huko kukimbilia ndiko kunakoitwa rashi. Safari hii ilitema porini huko, upande wa Shinyanga, na Nyamtondo ikabaki na mabanda matupu, wazee, wazazi wenye vichanga, wachache wenye biashara zao, mbwa, na Ngassa, ambaye jiwe lake lilikuwa linabadilika rangi. Hata Katekista Eustace aliondoka. Alisema haiwezekani kondoo wake watawanyike bila mchungaji. Mkono wa kulia alibeba kitabu cha sala, na mkono wa kushoto tindo na nyundo.

Daftari la mahudhurio likaanza kusema ukweli. Jumamosi moja waliandikwa tisa, iliyofuata watatu. Iliyofuata Eufrasia aliandika mmoja, kwa mwandiko wake wa kawaida, akijipa moyo kwamba mvua ilinyesha. Iliyofuata tena akaandika mmoja, na mwandiko ukapungua ukubwa. Sanduku likabaki kwake, kwa kuwa hata waliobaki hawakuja, na hakuona nani wa kulipokea. Alitandika kitambaa, akawasha mshumaa, akaimba sauti ya kwanza, na kwenye kiitikio akajiitikia kwa sauti ya pili. Alisoma somo, akauliza swali la tafakari, akajijibu, na Jumamosi moja hata hakukubaliana na jibu lake. Jioni Ngassa humwuliza, leo mlikuwa wangapi, naye hujibu, tulitosha.

Utani wa Ngassa alikuwa anauweza, maana ameishi nao miaka ishirini na nane. Kilichomwangusha ni swali la mtu mwingine.

Nyumba yao, kama nyingi za pale, ilikuwa ya fito na turubai, na upande wa pili wa turubai aliishi Sikujua, mwanamke wa miaka thelathini na kitu anayekaanga vitumbua. Sikujua kanisani haendi, msikitini haendi. Ukimwuliza dini yake anakuambia yeye ni wa vitumbua. Jumamosi iliyopita, ya tano tangu abaki peke yake, Eufrasia alikuwa anasoma ile habari ya mjane aliyekwenda kwa kadhi mbaya kudai haki yake, kadhi akamkatalia, mjane akarudi tena, kadhi akamkatalia tena. Hapo ndipo sauti ya Sikujua, ambaye humwita mama kwa Kisukuma, ilipotoka nyuma ya turubai.

"Mayu, unaongea na nani?"

Eufrasia alifungua mdomo ajibu. Jibu alikuwa nalo, analifundisha kila mwaka kwa watoto wa Komunyo ya Kwanza. Akaviangalia viti vitano vya plastiki alivyovipanga kwa mazoea, vyote vitupu, akalitafuta jibu. Halikuja. Akafunga kitabu katikati ya habari, akazima mshumaa kwa vidole, na wiki nzima hakufanya hata ishara ya msalaba kabla ya kula. Wala si kwamba alimkasirikia Mungu. Ukimkasirikia mtu, angalau unaamini yupo. Yeye aliona haya tu, haya ya mtu mzima aliyekutwa akiongea peke yake, na chini ya haya hiyo kulikuwa na woga ambao hakutaka kuugusa.

Basi ndiyo maana Jumamosi hii, saa mbili na nusu asubuhi, alikuwa njiani na sanduku kichwani.

Kwanza alikwenda kigangoni, kanisa dogo la bati juu ya mwinuko, akidhani ataliacha huko na kuondoka bila kuonana na mtu. Mlango ulikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao Katekista Eustace, ambaye alikuwa mbali akiwachunga kondoo kwa tindo. Kuliacha nje hakuthubutu. Mbuzi wa Nyamtondo hawana adabu, wangekula kitabu cha nyimbo na kumalizia na daftari.

Akasema basi, kwa katibu. Salome alikuwa na mgahawa karibu na karasha, ile mashine inayosaga mawe toka asubuhi mpaka masikio yachoke. Eufrasia aliingia, akaliweka sanduku juu ya meza, akavuta pumzi ili aanze hotuba aliyoipanga njiani. Salome alipoliona sanduku mwiko ukamponyoka. Hakumpa mwenzake nafasi hata ya salamu. Alianza kuomba radhi, kwamba ni kweli amepotea wiki zote hizo, kwamba kumbe leo ni kwake, kwamba sheria ya kwanza anaijua na asisemwe mbele ya wateja. Kisha akawageukia wanaume watatu waliokuwa wakila wali maharage, akawaambia wavue kofia, mwenyekiti amefika. Wawili wakavua. Wa tatu akasema yeye ni Mlokole. Salome akamwambia hata Mlokole ana kichwa, avue.

"Salome, mimi nimekuja..." alianza Eufrasia.

"Najua ulichokuja kufanya," alisema Salome, na tayari alikuwa anafuta meza.

Hapo ndipo angeweza kusema. Lakini vijiko vitatu vilikuwa vimesimama hewani vikimsubiri, na sheria aliitunga yeye mwenyewe, tena kwa ajili ya mtu huyu huyu. Akafungua sanduku. Akatandika kitambaa kati ya chupa ya pilipili na bakuli la chumvi, akasali kwa mdomo tu, haraka, kama anayesoma tangazo la mnada. Somo alilikwepa, maana hakutaka kuufungua ule ukurasa. Yule Mlokole, ambaye hakuna aliyemwomba, akauombea mgahawa kwa dakika saba kwa sauti iliyoishinda karasha. Mwisho Salome akajifuta macho, na kama ni kwa sababu ya sala au ya vitunguu, anajua yeye.

Eufrasia akaona sasa ndiyo nafasi. Akasema sanduku libaki pale. Salome akarudi nyuma hatua mbili na kuinua mikono. Haiwezekani, mwenyekiti, sheria ya pili. Sala imeisha, halilali hapa, linakwenda nyumba inayofuata. Nyumba inayofuata ni kwa Mzee Magesa. Akamfungia chapati mbili za njiani na kumsindikiza mpaka barabarani, akiangalia kwa makini kama kweli anaondoka nalo.

Mzee Magesa ni mtu wa Mara, lakini ujana wake wote aliumaliza Mwadui kwenye almasi, na uzeeni akamfuata mwanawe Nyamtondo. Mwanawe naye alikuwa ameshaifuata rashi. Magoti ya mzee yalikuwa yamegoma siku nyingi, kwa hiyo Eufrasia hakuona haja ya kumpelekea sanduku. Kama wenye magoti mazima hawaji, yeye wa nini. Alipokaribia nyumba yake alimkuta amekaa mlangoni amevaa koti na tai. Pembeni yake kulikuwa na mkeka umetandikwa, na juu ya stuli ndogo birika la chai na vikombe sita.

Eufrasia alimwamkia, akamwuliza kama ana safari. Mzee akamjibu kwamba hana safari, leo ni Jumamosi.

Ikawa hivi: kila Jumamosi, wiki zote zile, Mzee Magesa alivaa koti, akafunga tai, akamwomba jirani amchemshie chai, akakaa mlangoni hadi saa sita. Hakuna aliyemwambia asisubiri. Hakulalamika wala nini, alisema tu kwamba sanduku la mwenyekiti linatembea polepole kuliko magoti yake. Eufrasia alisikia moyo ukimchoma kweli kweli. Wakati yeye anapanga viti vitupu na kujihurumia, mwendo wa dakika ishirini kulikuwa na mtu mwenye tai na vikombe sita.

Kwa hiyo walisali. Mzee Magesa alipoanza maombi ya marehemu, aliwaombea wenzake wote aliofanya nao kazi, mmoja mmoja, kwa jina na kwa jina la baba. Walikuwa arobaini na mmoja. Eufrasia alijua idadi kwa sababu alihesabu, na alihesabu kwa sababu bado alikuwa anasali kwa mdomo tu. Mzee alipofika wa thelathini, Eufrasia akafungua jicho moja amwangalie. Mzee alikuwa anatokwa na jasho, na bado hajalegeza tai.

Walipomaliza walikunywa chai, wakala zile chapati. Eufrasia akamwuliza swali ambalo hakupanga kuliuliza.

"Mzee, hujawahi kuchoka na haya mambo?"

"Nimechoka tangu mwaka juzi," alisema Mzee Magesa. "Nasali hivyo hivyo, nimechoka."

Jibu hilo halikumsaidia kitu wakati ule. Alitaka kuambiwa jambo kubwa, la kumwinua, siyo kuongezewa mchovu mwenzake. Alipojaribu kumwachia sanduku, mzee alicheka mpaka akakohoa. Akasema sheria ya pili ameisikia kwa masikio yake kutoka kwa mama mmoja mkali sana, naye hawezi kumkosea yule mama. Liende kwa Justa.

Justa alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, na kichanga cha siku kumi, na mume aliyeondoka na rashi akiahidi kurudi kabla mtoto hajazaliwa. Eufrasia alipopiga hodi, Justa alifungua akiwa na khanga begani, macho mekundu, mtoto analia. Alipoliona sanduku akaanza kulia na yeye. Alidhani jumuiya imekuja kumshukuria Mungu kwa mtoto, kwa kuwa toka ajifungue hakuna aliyekuja. Hebu mwambie sasa mtu kama huyo kwamba umekuja kukabidhi ofisi.

Eufrasia akamchukua mtoto, akamlaza begani, akafungua sanduku kwa mkono mmoja. Waliimba ubeti mmoja. Walipofika katikati ya Baba Yetu, Justa alikuwa ameegemea ukuta, mdomo wazi, amelala usingizi wa mtu aliyekosa usingizi siku kumi. Mtoto naye akanyamaza, akalala. Na Eufrasia akajikuta pale pale alipokuwa wiki zote zile, peke yake na mshumaa. Angeweza kufunga na kuondoka. Lakini sala iliyokatwa katikati ilimkera tangu utotoni, kwa hiyo akaendelea, kwa kunong'ona ili asiwaamshe. Akamalizia Baba Yetu. Akamwombea Justa maziwa yatoke vizuri. Akamwombea yule mume arudi, na akirudi akutane kwanza na yeye Eufrasia kabla hajakutana na mkewe. Katikati ya kunong'ona akashtuka kidogo. Kelele mtu anaweza kupigia ukuta, lakini kunong'ona ni kwa aliye karibu. Akaisukuma fikra hiyo pembeni, akaenda kufua nepi.

Justa alipoamka, nepi zilikuwa zinaning'inia kwenye kamba na uji uko tayari. Eufrasia akamwuliza, kwa upole wa mtu aliyeishiwa mbinu, kama angeweza kulihifadhi sanduku kidogo tu. Justa akahesabu kwa vidole. Nyumba ile wamehama, ile wamehama, zile nne wamehama. Akafika mwisho wa vidole, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Baada yangu ni wewe, Mama Enock. Zamu imekurudia."

Eufrasia aliondoka akiwa hajui acheke au alie. Toka asubuhi alitaka kuacha sala, na matokeo yake amesali mara tatu, zaidi ya wiki nyingine yoyote ya mwaka huo. Jua lilikuwa kali, sanduku lilikuwa zito kuliko asubuhi, na lile swali bado lilikuwa pale pale, halijajibiwa. Amesali, ndiyo. Lakini amesali kwa sababu ya sheria, na kwa sababu ya huruma, na kwa sababu ya haya. Hakuona kama amesali kwa sababu kuna anayesikia. Njia nzima aliwaza kwamba kesho atamtafuta dereva wa bodaboda alipeleke sanduku parokiani, basi, mambo yaishe.

Alifika nyumbani saa kumi. Sikujua alikuwa nje, kwenye jiko lake, anakaanga vitumbua vya jioni. Alimwamkia, Eufrasia akaitikia marahaba bila kusimama, maana hakuwa na hamu ya mazungumzo na mtu yule hasa.

"Mayu, leo asubuhi hukusoma," alisema Sikujua.

Eufrasia akamjibu kwamba leo amesoma, nyumba tatu nzima, ila tu hapa. Si kweli, somo alilikwepa kote, lakini alikuwa amechoka.

"Hapa ndipo nilipokuwa nasubiri mimi."

Eufrasia akasimama. Sikujua akaendelea kugeuza vitumbua na kusema, kama anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua, kwamba toka watu wahame, Jumamosi asubuhi huwa anasogeza jiko mpaka karibu na turubai. Nyimbo ameshazijua. Ule wa pili, mayu huwa anaukosea ubeti wa tatu, kila wiki, lakini yeye hakutaka kumwambia, asije akaacha kuimba. Na sheria mbili anazijua tangu mwaka wa kwanza, nani asiyezijua. Kinachomsumbua yeye ni yule mjane.

"Wiki nzima nageuza vitumbua namwaza yule mama," alisema. "Alipata haki yake, au alifia mlangoni kwa kadhi?"

Eufrasia akashusha sanduku, akakaa kwenye benchi la wateja. Akauliza taratibu, kwa kuwa alikuwa anaogopa jibu, kwa nini basi siku ile alimwuliza anaongea na nani.

Sikujua akainamia kikaango. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane alionekana kuwa na aibu.

"Nilitaka kujua kama ni mimi," alisema. "Ulikuwa peke yako mle ndani, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nikasema labda ananisomea mimi. Ukanyamaza, ukafunga kitabu. Nikajua si mimi."

Eufrasia akalia. Alilia pale pale kwenye benchi, mchana kweupe, mwenyekiti mzima, wala hakujifunika khanga. Swali alilolibeba wiki nzima kama hukumu kumbe lilikuwa hodi. Mtu alibisha hodi, na yeye akazima mshumaa. Alilia kwa uchungu wa hilo, na alilia kwa furaha pia, kwa kuwa Jumamosi zote zile, wakati anaimba sauti mbili peke yake na kuona anapoteza muda, kulikuwa na mtu nyuma ya turubai ameshika mwiko anasikiliza. Na kama huyo alikuwa anasikiliza na yeye hajui, basi na Yule mwingine je. Sikujua alitishika, akamletea kitumbua cha moto, akamwambia ale kwanza.

Akala. Akajifuta macho. Akasema mwisho wa habari ya mjane umo humu sandukuni, waingie ndani kwake amsomee.

"Hapana, mayu," alisema Sikujua. "Sheria ya pili. Kwako limeshasaliwa wiki tano, linakwenda nyumba inayofuata."

Eufrasia akamwuliza nyumba inayofuata ni ipi. Sikujua akapangusa mikono, akaipua kikaango, akaenda kuinua pazia la mlango wake.

Mwenyekiti akaanza kueleza kwamba kuna utaratibu, kwamba mwenzake si mwanajumuiya, hajaandikwa, hajabatizwa. Sikujua alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akauliza hayo yapo kwenye sheria ya kwanza au ya pili. Eufrasia akafikiri. Alizitunga mwenyewe, akazisoma miaka minne, na ilimbidi akubali kwamba hayapo popote.

Sanduku likavuka kizingiti. Ndani mlikuwa na kitanda, ndoo ya unga wa mchele, na picha ya kalenda ya mwaka juzi. Wakatandika kitambaa juu ya ndoo. Eufrasia akawasha mshumaa, akafanya ishara ya msalaba, na kabla ya sala yoyote ya kitabuni akafumba macho na kusema, kwa sauti ya chini, kwamba anaomba radhi, alichoka, na bado amechoka, lakini yupo. Na alijua anaongea na nani.

Kisha akafungua ule ukurasa na kusoma kuanzia mwanzo, taratibu, akimwangalia Sikujua usoni. Alipofika pale ambapo kadhi mwenyewe anakubali kwamba atampa yule mjane haki yake, si kwa wema, ila kwa kuwa amemchosha kwa kuja kwake kila siku, Sikujua alijipiga paja.

"Nilijua," alisema. "Mama yule hakuwa mtu wa kurudi nyumbani."

Eufrasia alieleza kwamba kama kadhi mbaya anafika mahali anasikia, sembuse Mungu aliye mwema. Akaeleza kwa maneno machache, bila kujiuliza maswali na kujijibu, kwa kuwa safari hii kulikuwa na mtu wa kuyauliza, na aliyauliza kweli, mpaka vitumbua vikapoa na wateja wawili wakaondoka wakinung'unika. Wakaimba ule wimbo wa pili. Kwenye ubeti wa tatu Sikujua ndiye aliyeongoza.

Walikuwa wamefungua daftari la mahudhurio pale Ngassa aliporudi kutoka kwenye duara. Walimsikia akikohoa vumbi, akiweka tochi chini, akisema peke yake kwamba leo jiwe limebadilika rangi kweli. Kisha akamsikia mkewe upande wa pili wa turubai, akacheka.

Sikujua alikuwa ameweka kidole kwenye ukurasa, mahali ambapo neno mmoja limeandikwa Jumamosi baada ya Jumamosi, kila mara kwa mwandiko mdogo zaidi. Alisema hizo zote alikuwepo, na ile ya tano isiyoandikwa alikuwepo pia, kwa hiyo zirekebishwe. Eufrasia akachukua kalamu, akaikata mmoja ya kwanza, akaandika wawili kwa mwandiko mkubwa. Akahamia ya pili.

"Mama Enock," Ngassa aliita. "Leo mlikuwa wangapi?"

"Subiri kidogo," alisema Eufrasia. "Bado nahesabu za nyuma."